Alhamisi Mbili: Marrakech hadi Granada, Tukifuata Mapambo ya Bustani ya Kimori

Kumbukumbu hizi zimepangwa baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari moja lililolowa pembeni na picha mia kadhaa. Nyingi ya picha hizo ni za migongo ya vitu: mgongo wa kigae, kitako cha beseni, tumbo la ndani la fanusi. Uso wa pambo la Kimori huigwa kila siku, na huigwa vizuri. Mgongo huachwa ulivyo, kwa kuwa anayeiga hategemei mnunuzi ageuze kitu.

Wazungu waliwaita Wamori Waislamu wa Maghribi na Andalusia, na jina likabaki kwenye mtindo wao: nyota za pembe nane, vigae vilivyokatwa kwa nyundo, mabeseni ya marumaru yaliyochongwa kama ua, taa za shaba zenye matundu. Kwenye maduka ya mtandaoni jina hilohilo hubandikwa samani za Syria zilizopambwa kwa lulu na jali za Kihindi, yaani viwambo vya mawe vyenye matundu. Safari hii ilifuata njia ya vitu vyenyewe, kutoka Marrakech hadi Fez na Tetouan, kisha kuvuka bahari hadi Sevilla na Granada.

Siku ya 1, Jumatano. Casablanca hadi Marrakech

Treni ya saa tisa alasiri iliondoka saa kumi na robo. Ndani ya behewa mama mmoja alifungua kitambaa, akagawa mayai ya kuchemsha, mkate na zeituni kwa kila aliyekaa karibu. Aliyekataa alisukumiwa tena hadi akapokea. Tulifika saa mbili usiku. Supu ya harira na tende tatu, dirham 10. Chumba katika nyumba ya wageni ndani ya mji wa kale, dirham 350 pamoja na chai ya asubuhi.

*Kwa watakaofuata:* euro 1 ni kati ya dirham 10 na 11. Wauzaji wa vitu vikuukuu wanataka taslimu. Chukueni futi ya chuma, tochi ndogo, sumaku na chupa ya maji. Vitu hivyo vinne vitafanya kazi kuliko maneno.

Siku ya 2, Alhamisi. Bab el Khemis

Jina halihitaji mkalimani: mlango wa Alhamisi. Soko liko kwenye ukuta wa kaskazini wa mji wa kale. Teksi ndogo kutoka Jemaa el-Fna, uwanja mkuu wa mji, ilitugharimu dirham 25. Kuna biashara kila siku, ila Alhamisi na Jumapili asubuhi ndipo mali humwagwa chini: milango ya mierezi iliyong'olewa, vyuma vya madirisha, mabafu ya chuma yenye miguu, kasiki za zeituni, viti vya bustani, vigae vimerundikwa kama matofali. Fikeni saa moja na nusu. Ikifika saa tano, wenye maduka ya mjini wameshachagua.

Mali ya hapa ina rika tatu, na bei hutegemea kujua rika. Kuna vya kale hasa, vya kabla ya Wafaransa kuingia 1912. Kuna vya enzi ya himaya yao, 1912 hadi 1956, ambavyo ndivyo vingi na ndivyo vyenye thamani nzuri kwa bustani: viti vya chuma, vigae vya saruji vya rangi, vyuma vya madirisha vilivyofuliwa kwa mkono. Na kuna vya mwezi uliopita, vilivyozikwa kwenye udongo wenye chumvi ili vizeeke.

Beseni la chemchemi linaloinuka juu ya mguu, lenye ukingo wa mawimbi kama petali, huitwa khassa. Tuliyaona manane asubuhi hiyo, na matano hayakuwa marumaru. Ni unga wa marumaru uliochanganywa na saruji nyeupe ukamiminwa kwenye kalibu. Kulijua ni rahisi ukilala chini. Kitako cha beseni lililochongwa kina michirizi ya patasi isiyolingana, mingine imeingia ndani zaidi. Kitako cha lililomiminwa ni laini, kina vitundu vya hewa vyenye ukubwa wa mbegu ya ufuta, na pembeni kuna mstari mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Gonga kwa kitu kidogo cha chuma: marumaru hulia, saruji hunyamaza. Mwagia maji kidogo. Saruji huyanywa na kuwa nyeusi papo hapo, ilhali marumaru iliyong'aa huyaacha yateleze. Ila marumaru iliyokaa nje miaka mingi hushikika kama sukari kwenye uso wa juu, nayo pia hunywa maji, kwa hiyo dalili hii isisimame peke yake.

Kisha tundu la bomba. Kwenye beseni la kale tundu lilitobolewa kwa mkono kutoka pande zote mbili, hivyo katikati lina kiuno. Tundu lililonyooka kama mtutu ni la drili.

Milango huongea kwa namna hiyo hiyo. Alama za msumeno zilizonyooka na kwenda mshazari kidogo ni za mkono. Zilizo kama vipande vya duara ni za msumeno wa mashine. Misumari, ambayo Waarabu huiita mismar, kwenye mlango wa kale ina vichwa visivyofanana na mingi imekunjwa upande wa nyuma. Mlango uliopakwa rangi ya maua usiuweke mvuani hata kidogo. Rangi hizo za zamani hazikutengenezwa kustahimili maji, na msimu mmoja wa masika unaziondoa.

Kasiki za udongo zilitushika muda mrefu. Kasiki iliyofinyangwa kwa mkono ina pete za vidole ndani, ingiza tochi uone. Ukitaka kuifanya chemchemi, ijaze mchanga mbichi kwanza ili isitetemeke, igeuze, utoboe kitako kwa drili yenye ncha ya almasi, bila kupigisha nyundo ya drili, ukimwagia maji mfululizo. Tundu la milimita 20 linatosha bomba. Nyingi hupasuka kwa sababu ya haraka ya sentimita moja ya mwisho: ncha ikikaribia kupenya, punguza mkono.

Hatukununua beseni siku hiyo. Tulichukua chuma kimoja cha dirisha, sentimita 60 kwa 90, kwa dirham 650. Bei ilianzia 1,200. Vyuma vyake havikuchomelewa kwa umeme; vimefungwa kwa vishikizo vya chuma vilivyozungushwa kikiwa bado cha moto. Kutu yake ni kahawia iliyokoza na imelundikana kwenye maungio. Ile kutu ya rangi ya chungwa iliyoenea sawasawa kila mahali ni ya tindikali.

Mzee muuza zeituni jirani, alipotuona tumekaa juani na chuma chetu, aliagiza kijana wake alete kigoda na chai ya nanaa. Akatuambia kwa ishara za mkono tukae mpaka teksi kubwa ipatikane. Alikwenda kuitafuta mwenyewe.

*Kwa watakaofuata:* sheria ya Moroko inalinda vitu vya kale, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali cha serikali. Muuzaji akikuapia kwamba beseni ni la karne nyingi, muulize papo hapo karatasi ziko wapi. Mara nyingi beseni hupungua umri.

Siku ya 3, Ijumaa. Marrakech

Baada ya swala ya Ijumaa maduka mengi hufungwa, kwa hiyo asubuhi ilikuwa ya kasri la Bahia, lililojengwa na mawaziri wakuu Si Moussa na mwanawe Ba Ahmed katika nusu ya pili ya karne ya 19. Hapo unaona kitu ambacho picha za mauzo hukificha: mabeseni yako chini sana. Maji hayarushwi hewani. Hububujika kimo cha kiganja, yakamwagikia mferejini na kwenda kwenye miti. Anayenunua khassa akaweka pampu ya kurusha maji mita mbili ameharibu kazi ya mchongaji, na upepo humaliza maji ya tangi kabla ya jioni.

Alasiri tulipelekwa kuona birika likisakafiwa kwa tadelakt, lipu ya chokaa inayosuguliwa kwa jiwe. (Msomaji wa Pwani atakuwa ameona birika za misikiti ya kale, ni ndugu wa karibu.) Chokaa ya Marrakech huchomwa kutokana na mawe yenye udongo ndani yake, ndiyo maana hushika hata penye maji. Hatua zilikuwa hivi. Chokaa huchekechwa, hulowekwa angalau usiku mzima. Ukuta wa chini, wa chokaa na mchanga, hulowanishwa hadi ushibe. Tabaka la kwanza hupakwa, kisha la pili, jumla unene wa milimita 5 hivi. Chokaa inapoanza kukaza, fundi huchukua jiwe gumu la mtoni lililolainika na kusugua kwa mizunguko midogo, akikandamiza, mpaka vitundu vyote vizibe na uso ung'ae. Hufuata sabuni nyeusi ya zeituni iliyoyeyushwa majini, hupakwa kwa brashi na kusuguliwa tena kwa jiwe. Mafuta ya sabuni huungana na chokaa na kuwa kitu kisichoyeyuka majini. Hiyo ndiyo siri yote, hakuna vanishi.

Huharibika kwa njia tatu. Jua au upepo ukikausha haraka, nyufa nyembamba kama unywele hutokea. Funika kwa turubai. Maji yakijazwa kabla ya wiki kadhaa kupita, uso hubaki laini na kuchunika. Na siki au dawa ya choo, vyenye tindikali, hula chokaa mara moja. Kusafisha ni kwa sabuni ileile nyeusi tu.

Mwenye nyumba aliposikia tumetoka Afrika Mashariki hakuturuhusu kuondoka. Ijumaa ni siku ya kuskusi. Sinia moja, mboga saba, kila mtu na upande wake.

Siku ya 4, Jumamosi. Treni hadi Fez, mwendo wa karibu saa saba, dirishani mashamba na mizeituni.

Siku ya 5, Jumapili. Ain Nokbi, Fez

Wafinyanzi wa Fez walihamishiwa nje ya mji wa kale kwa sababu ya moshi. Tanuru zao hulishwa machicha ya zeituni yaliyobaki baada ya kukamua mafuta, na moshi wake ni mweusi mzito. Teksi dirham 20. Hapa ndipo zellij, vigae vinavyokatwa vipande kwa nyundo, huzaliwa.

Udongo wa kijivu wa Fez hulowekwa shimoni, hukandwa kwa miguu, hukatwa vigae vya mraba vya sentimita 10 hivi, unene kati ya sentimita moja na nusu na mbili. Huanikwa juani, hunyooshwa tena kwa kupigwa kabla ya kukauka kabisa, kisha hupita tanuruni mara ya kwanza. Ndipo hupakwa glezi, yaani ile rangi ya kioo inayoyeyukia juu ya udongo, na kurudi tanuruni. Bluu hutoka kwenye kobalti, kijani kwenye shaba, rangi ya asali kwenye chuma, kahawia nyeusi kwenye manganizi. Kwa kuwa joto la tanuru halilingani, vigae vya rangi moja hutoka na vivuli kumi. Ukuta wa bluu wa Fez huonekana kama bahari kwa sababu hiyo. Ukiona kijani cha mita nne za mraba bila tofauti hata moja, ni cha kiwandani.

Mkataji huketi chini mbele ya kipande cha chuma kilichosimikwa kwenye jiwe. Nyundo yake, menqach, ni nzito na ina makali. Kila kipande kidogo kinachotoka huitwa furma, na maumbo yake ni mamia. Fundi mkuu, maalem (neno la shina moja na mwalimu wetu), alichukua nyota ya pembe nane akaigeuza. Kingo hazikushuka wima. Zilikatwa mshazari, uso mpana na mgongo mwembamba, mfano wa jino. Vipande vikikaa sako kwa bako usoni, nyuma kunabaki nafasi ya chokaa kuingia na kushika. Kipande kilichokatwa kwa mashine kina kingo wima. Hakina pa kushikwa, na ukitaka kukibandika lazima uache mwanya mpana usoni. Tangu siku hiyo tuliacha kutazama nyota, tukawa tunatazama pembeni mwake.

Kupanga ni kazi ya ajabu. Vipande hulazwa uso chini, rangi haionekani, fundi anafuata mchoro ulio kichwani. Vikishakaa, hunyunyiziwa maji, humiminiwa mchanganyiko wa chokaa na mchanga au jasi, na bamba zima huinuliwa. Kosa likitokea katikati ya bamba linaonekana siku ya kugeuza tu.

Anayeweka zellij bustanini azingatie haya. Loweka vigae kabla ya kuweka, maana udongo mkavu hunyonya maji ya chokaa na kuiacha unga. Mwanya usizidi milimita moja. Saruji kali mgongoni husukuma chumvi, na baada ya mvua mbili glezi inaota ukungu mweupe au kubanduka magamba. Walio Ulaya na Amerika Kaskazini wasiiweke pasipo paa: udongo huu una vinyweleo, maji huingia, huganda wakati wa baridi na kuvunja uso. Pwani yetu haina barafu lakini ina chumvi ya bahari, kwa hiyo ukuta wenye kigae uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara. Tena, glezi za jadi nyingi zina risasi. Msipande mboga ndani ya vyungu vya namna hiyo, wala msinywe maji ya chemchemi yake.

Chakula cha mchana kilikuwa bisara, supu ya maharage mapana yenye mafuta ya zeituni na bizari, dirham 8, kimeliwa juu ya ubao wa wafanyakazi.

Siku ya 6, Jumatatu. Nejjarine na Seffarine

Chemchemi ya ukutani huitwa seqqaya. Ile ya Nejjarine, ya karne ya 18, iko barabarani karibu na funduq (nyumba ya kale ya wafanyabiashara) ya maseremala iliyo sasa jumba la makumbusho ya mbao. Tuliipima kwa macho kutoka chini kwenda juu: birika, kisha zellij, kisha jasi iliyochongwa, kisha paa la mierezi. Mpangilio huo una sababu. Kigae kinachovumilia maji kiko yanaporuka, jasi isiyovumilia iko juu yake, na mbao zimetokeza mbele kuikinga jasi na mvua. Seqqaya nyingi mpya za bustani hunakili picha na kuacha paa. Jasi inayeyuka ndani ya miaka miwili, na mwenye bustani humlaumu fundi.

Uwanja wa Seffarine, mafundi shaba, unausikia kabla hujauona. Taa hapa wanaiita fanous, nasi fanusi. Biashara ilikwenda kwa kicheko. Matundu yaliyopigwa kwa patasi yana mdomo mkali upande wa ndani. Ingiza kidole polepole utaukuta. Matundu ya leza hayana mdomo na yanalingana mno. Kioo cha rangi cha zamani kina viputo. Peleka sumaku: ikinasa, hiyo ni bati lililopakwa rangi ya shaba, nalo Malindi au Bagamoyo halimalizi mwaka. Shaba ya njano yenye maungio ya risasi hudumu, ila isitundikwe taa yenye joto kali, maungio yatalegea. Tulichukua mbili, za sentimita 40, dirham 1,100 zote. Bei ilianzia 1,800.

Mchana, katika karakana ya mawe, tulipata khassa ya marumaru ya upana wa sentimita 55, mpya, imechongwa kwa mkono na hivyo ndivyo muuzaji alivyosema, bila hadithi. Dirham 3,200, uzito karibu kilo 40. Tuliilipa kwa furaha kwa sababu ya ukweli wake.

*Kufungasha:* beseni halilazwi kwenye kitako. Husimamishwa kwa ubavu, mguu wake sanduku la pekee, katikati majani makavu yaliyokandamizwa na si magazeti, sanduku limefungwa kwa skrubu na si misumari, ili mtu wa forodha afungue bila kupiga nyundo. Piga picha kila upande kabla kifuniko hakijakaa.

Siku ya 7, Jumanne. Fez hadi Tetouan

Basi zaidi ya saa tano, milima ya Rif. Kijana wa kiti cha jirani alishuka nasi, akabeba mfuko mmoja hadi mlango wa nyumba ya wageni, akakataa sarafu.

Tetouan ilijengwa upya na wakimbizi wa Andalusia mwishoni mwa karne ya 15. Chini ya njia zake kuna skundo, mtandao wa mabomba ya udongo uliopeleka maji ya mlimani kwenye misikiti, nyumba na chemchemi. Maji yalishuka kwa uzito wake mwenyewe. Bustani yenye mteremko hata wa mita moja inaweza kufanya hivyo bila pampu.

Siku ya 8, Jumatano. Tetouan na Tangier

Asubuhi, Dar Sanaa, shule ya sanaa na ufundi iliyoanzishwa 1919, karibu na Bab el-Okla. Zellij ya Tetouan si ya Fez. Hapa kipande hukatwa udongo ukiwa bado mbichi, kisha hupakwa glezi na kuchomwa. Kwa hiyo glezi hujikunja kidogo kwenye ukingo, pembe huwa za mviringo na mwanya kati ya vipande huonekana. Wanunuzi wengi huiona hiyo ni kazi mbovu ya Fez. Ni kazi nzima yenye kanuni zake, na kwa kuwa glezi imefunika ukingo, haimeguki kirahisi.

Teksi kubwa hadi Tangier dirham 50 kwa kiti. Bandarini tukaambiwa meli ya Tarifa haiondoki: upepo wa mashariki, levante, ulikuwa unapiga. Tulilala Tangier. Dagaa wa kukaanga na mkate, dirham 30.

*Kwa watakaofuata:* mlango huu wa bahari hufungwa kwa upepo mara nyingi. Acheni siku moja tupu kwenye ratiba, na viza ya Schengen iwe tayari mkononi kabla ya kununua tiketi ya meli, kama euro 45.

Siku ya 9, Alhamisi. Sevilla

Meli ya kwanza, saa nzima ya kuyumba, halafu basi, mwendo wa saa tatu. Alhamisi ya pili tulikuwa tumeiweka kwa ajili ya El Jueves, soko la vikuukuu la mtaa wa Feria, ambalo nalo jina lake ni Alhamisi. Tulifika wauzaji wanafunga. Mama mmoja mwenye vigae alikuwa ameshapanga masanduku kwenye mkokoteni. Alipoona tumepiga magoti kutazama kile kilichobaki chini, aliyashusha tena yote manne, akasimama nusu saa nzima juani.

Kigae cha Sevilla kiitwacho cuenca, cha karne ya 16, hukandamizwa kwenye kalibu ili mistari ya udongo isimame na kuzuia rangi zisichanganyike. Kina upana wa sentimita 13 hivi, unene wa mbili. Usoni cha kale hubeba makovu matatu madogo pale kigoda cha tanuru kilipokalia glezi. Mgongoni ni wazi, udongo wa rangi ya waridi wenye changarawe na alama za mkono. Vya karne ya 19 na 20 vya Triana, mtaa wa wafinyanzi wa Sevilla, vina mgongo wenye mistari iliyokandamizwa na mashine, mara nyingi na jina la kiwanda. Vya kiwanda si vibaya, ni vizuri sana kwa kingo za vitanda vya maua, na bei yake ni tofauti mno. Tulinunua sita, vya kiwanda, euro 8 kila kimoja. Hispania kitu chenye umri zaidi ya miaka 100 huhitaji kibali ili kitolewe nchini, sheria ya 1985.

Siku ya 10, Ijumaa. Sevilla

Casa de Pilatos, kasri la mjini, ina kuta za cuenca za miaka ya 1530, michoro inayokaribia 150. Katikati ya ua chemchemi ni ya marumaru ya Italia, iliyochongwa Genova. Waliojenga hawakuona ubaya kuweka beseni la Kiitalia katikati ya kuta za Kimori, na macho hayalalamiki.

Hifadhi ya María Luisa ni mwalimu wa bustani ya kawaida. Mfaransa Forestier aliipanga upya miaka ya 1910: mabeseni ya chini, mabenchi ya matofali na vigae, vyura vya kauri vinavyotema maji. Tulipima benchi. Kiti sentimita 43, kigae kiko mgongoni na mbele, wakati pa kukalia ni tofali tupu. Kigae chenye glezi juani huchoma mapaja na huteleza kikilowa.

Siku ya 11, Jumamosi. Granada

Basi, mwendo wa saa tatu. Tiketi ya Alhambra, ngome ya watawala Wamori, lazima inunuliwe mapema, kwa jina la pasipoti, na saa ya kuingia majumba ya watawala hao, wa ukoo wa Nasri, iliyoandikwa haisogezwi hata dakika chache. Kuna waliorudishwa mbele yetu.

Chemchemi ya Simba ni ya enzi ya Muhammad V, karne ya 14. Simba 12 wa marumaru, hakuna wawili wanaofanana: manyoya, meno na mikia vimechongwa tofauti. Ukingo wa beseni una shairi la Ibn Zamrak lisemalo kwamba jicho halijui kipi kinachotiririka, maji au marumaru. Baadaye watu waliongeza bakuli la pili juu yake. Limeondolewa karne ya 20. Baada ya ukarabati mrefu maji yalianza kupita tena 2012. Zipo nakala za bustani zinazoiga hali ile ya bakuli mbili, na simba wake wametoka kalibu moja.

Kule Generalife, bustani ya watawala jirani na Alhambra, ile mirusho ya maji inayokutana juu ya mfereji mrefu, picha ambayo kila mmoja anayo, iliongezwa karne ya 19. Moto wa 1958 ulifungua nafasi ya kuchimba, ikaonekana vitanda vya maua vya mwanzo vilikuwa chini kuliko njia. Mtu alitembea akiona vichwa vya maua, kama zulia. Hilo ni pambo lisilogharimu chochote isipokuwa koleo: shusha kitanda nusu mita, weka mtaro wa kutolea maji ya mvua, panda maua mafupi.

Mlinzi wa bustani, mtu mzima, alituona tukipima ngazi ya maji. Hakusema neno, alisogeza kamba, akatuonyesha kwa kidole mahali ambapo vigae vya mgongo vya mfereji wa mkono wa ngazi vimepishana, kila kimoja kikitia mdomo ndani ya mwenzake kuelekea chini. Maji hayavuji kwa sababu hayakutani na kiungo kinachoyapinga.

Sanduku, Mombasa, wiki ya saba

Masanduku mawili yalifika kutoka Casablanca. Fanusi salama. Chuma cha dirisha salama. Kimesuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa mafuta ya kitani mara tatu, siku moja katikati ya kila mkono. Khassa imemeguka petali moja, upana wa kidole, upande ambao majani yalikuwa yamepungua. Kipande kimerudishwa kwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa marumaru.

Kuisimamisha kulichukua asubuhi nzima. Ukingo ukiinama milimita tatu tu, maji yote humwagikia upande mmoja na petali nyingine hukaa kavu. Pimamaji huwekwa juu ya ubao ulionyooka, mara mbili kwa msalaba, na vipande vyembamba vya risasi huingizwa chini ya mguu kabla ya chokaa. Pampu ya lita 600 kwa saa ilitosha, ikabanwa mpaka maji yakabubujika kimo cha kiganja. Maji ya kisima yetu yana chokaa nyingi, na mstari mweupe umeanza kuonekana. Siki haitumiki, inakula marumaru. Tangi limehamishiwa maji ya mvua kutoka paani.